Wasioshika Chaki

Kila matokeo ya mtihani yatokapo, wasomaji wapenzi, magazeti yetu hujaa picha za watoto waliobebwa juu juu, na walimu wakuu wakipeana mikono na wazazi. Sina kijicho na hayo. Mwalimu astahili sifa yake, na mtoto aliyekesha na kitabu astahili kubebwa. Lakini katika picha hizo kuna watu ambao hawaonekani kamwe, au wakionekana huwa ni mkono tu pembeni, umeshika upawa au bunda la funguo. Hao ndio nitakao kuwanena leo: bawabu wa lango, mpishi, mama wa bweni, tarishi, na yule aitwaye siku hizi msaidizi wa darasa, ambaye kazi yake ni kukaa ubavuni mwa mtoto mzito wa kusoma, au mwenye ulemavu, ili asiachwe nyuma na wenzake.

Walimu wa skuli za serikali katika nchi yetu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Watu hawa si wa Tume. Wao huandikwa na halmashauri ya skuli, hulipwa kutokana na kile kilichopatikana, na fedha zikichelewa wao ndio wa kwanza kuambiwa wasubiri. Chaki hawana, kitabu cha alama hawana, na fimbo pia hawana (nayo fimbo yenyewe ilipigwa marufuku katika skuli za Kenya tangu mwaka 2001, ingawa wako ambao mpaka leo hawataki kuisikia habari hiyo). Basi mtu asiye na chaki wala alama wala fimbo, akitaka mtoto amsikize, atatumia nini?

Nimezunguka na suali hili kwa muda, kutoka Likoni hadi Lamu, nikikaa na watu hawa chini ya miarobaini ya skuli zao, na jawabu nililolipata ni moja kwa maneno mbali mbali. Mtu huyo hutafuta jambo ambalo yeye na mtoto wanalo pamoja, akaanzia hapo. Jambo lenyewe laweza kuwa dogo kama fundo la kamba. Sharti lake ni kuwa la kweli, kwani mtoto hutambua upesi mno mtu mzima anayejitia kupenda mpira na hali hajui hata timu ngapi zinacheza.

Na jambo hili si geni kwetu. Sisi tuliotiwa chuoni kabla ya kutiwa skuli twamkumbuka kurufunzi. Mwalimu mwenyewe alikuwa mbali nasi, na kikohozi chake peke yake kilitosha kutunyamazisha. Aliyekuwa karibu ni kurufunzi, mwanafunzi mkubwa aliyekwisha kusoma juzuu nyingi, akikaa mkekani pamoja na sisi wadogo. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwa kidole kwamba alifu haina kitone, be ina kimoja chini, te ina viwili juu. Yeye ndiye aliyejua ni nani ametoka kwao bila ya kunywa chai, na ni nani aliyeuficha ubao wake kwa sababu hakuufutika vyema. Tulimtii, na sababu ya kumtii haikuwa kubwa: juzi tu alikuwa amekaa pale pale tulipokaa sisi, akikosea yale yale tuliyoyakosea. Cheo chake hakikuandikwa katika daftari la serikali. Lakini vyuo vingi vya pwani yetu visingalisimama bila yeye.

Kisa kilichonikaa zaidi moyoni ni cha Lamu, na nitakieleza kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna kazi yote hii.

Aliyefika Lamu ajua kwamba mji ule, ulioandikwa na UNESCO katika Urathi wa Dunia mwaka 2001, vichochoro vyake havipitishi gari. Mchanga, mawe, saruji, magunia ya mchele, vyote hutoka gatini juu ya migongo ya punda. Nyuma ya kila punda kuna mtu wa kumswaga, na mara nyingi mtu huyo ni kijana. Hilo lilikuwapo tangu zamani. Kisha likaja lile janga la korona. Skuli za Kenya zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote ila Januari 2021. Kijana aliyeswaga punda miezi ile, akaonja fedha ya jasho lake, akamwona mamake anunua unga kwa fedha hiyo, si jambo jepesi kumrudisha akae juu ya bao la darasa asikilize habari za pembetatu. Wengi hawakurudi.

Katika skuli moja ya msingi mjini humo kulikuwa na bawabu, mtu wa makamo, ambaye kabla ya kushika ufunguo wa lango alikuwa mwenye punda wanne. Kila asubuhi alimwona kijana wa miaka 12 akipita kando ya ukuta wa skuli na punda aliyejaa mchanga. Alimjua kuwa ni wa darasa la tano, na alijua kwamba jina lake lilikuwa likiitwa kila siku na hakuna wa kulijibu.

Siku ya kwanza walipeana salamu, basi. Siku ya pili bawabu hakumtazama kijana, alimtazama punda. "Shogi hili lamla bega," akasema. Kijana akasimama. Alisimama kwa sababu neno lile lilikuwa ni la mtu ajuaye. Wakalitua shogi, na chini yake kweli mlikuwa na kidonda, kibichi, ukubwa wa kitanga cha mtoto. Bawabu akamweleza namna ya kukiosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na namna ya kukunja gunia kuukuu litiwe chini ya shogi ili ukingo wake usikwaruze, na zaidi ya yote akamwambia kwamba punda huyo asibebeshwe kitu mpaka ngozi ifunge. Akamwelekeza pia ampeleke kwa wale watabibu wa punda, wa kituo kilichofunguliwa Lamu mwaka 1987, ambao hutibu bila ya malipo.

Siku kadhaa zikapita, mazungumzo yao yakawa ni ya kidonda tu. Nilimwuliza bawabu huyo kwa nini hakumwambia kijana mara moja arudi darasani, na lango lenyewe li wazi mbele yao. Alicheka. "Bwana mshairi," akaniambia, "kijana yule kila amwonaye humwuliza skuli. Mamake humwuliza, mwalimu humwuliza, imamu humwuliza, hata mwenye duka. Mimi nikimwuliza nitakuwa mtu wa tano. Lakini punda wake alikuwa hajaulizwa na mtu."

Punda alipopumzishwa, kijana naye akawa hana kazi. Akawa yuwaja kukaa langoni, upande wa nje, akimsimulia bawabu habari za punda wengine na za wenye mashua wasiolipa. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake walikuja kumtania kupitia nondo za lango. Na siku moja, bila ya kuulizwa, yeye mwenyewe akasema: "Ami, nikiingia, mwalimu atanifanya nini?"

Hapo ndipo nilipoiona akili ya mzee huyu. Hakumwambia, "Hatakufanya kitu," kwa maana hilo halikuwa lake la kuahidi. Alimwambia angoje hadi kesho. Jioni ile akamfuata mwalimu wa hesabu, akamweleza hali ya nyumba ile, kwamba baba hayupo na kwamba fedha ya punda ndiyo iliyokuwa ikinunua chakula cha usiku, na akamwomba kitu kimoja tu, kwamba kijana akiingia asisimamishwe mbele ya wenzake. Mwalimu akakubali. Kijana akaingia. Makubaliano yakawa kwamba asubuhi ni ya darasa, na kazi ya punda, kama haina budi, ni baada ya sala ya alasiri.

Najua wako watakaoniambia kwamba mtoto hapaswi kufanya kazi kabisa, na kwamba Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53, pamoja na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, zimeifanya elimu hiyo kuwa ni haki ya mtoto na ni lazima kwa mzazi. Ni kweli, na ningependa sana iwe hivyo kila mtaa. Lakini sheria haikuwa imefika katika chungu cha mama yule, na bawabu hakuwa na fedha za kukijaza. Alichokuwa nacho ni kujua kwake punda.

Lililonifurahisha zaidi ni lile lililofuata. Kijana alikuwa hodari wa hesabu akiwa gatini: safari ngapi, kila safari bei gani, mwenye punda achukua ngapi na yeye abakiwa na ngapi. Kwenye karatasi alikuwa gogo. Bawabu alimwambia mwalimu jambo hilo, na mwalimu, Mwenyezi Mungu amlipe, akawa amtungia hesabu za mchanga na saruji. Kwa njia hiyo uhusiano ukahama. Kwanza ulikuwa wa kijana na bawabu, kisha ukawa wa kijana na mwalimu, na mwisho wa kijana na darasa lenyewe. Alifanya mtihani wa KCPE wa mwaka 2023, uliokuwa wa mwisho wa jina hilo. Hakuwa wa kwanza wala hakubebwa na mtu, lakini alivuka kuingia kidato cha kwanza.

Mfanyakazi wa skuli aliye mjinga angaliupenda ule uhusiano ubakie kwake, awe ndiye yeye peke yake asikizwaye na mtoto, ajisifu kwao. Nimewaona wa namna hiyo. Mtoto humganda bawabu au mpishi kwa mapenzi makubwa, na darasa lamshinda vile vile.

Mombasa nako niliketi na msaidizi wa darasa, mama wa makamo mwenye asili ya Lamu, ambaye hajui punda hata kidogo, ila mikono yake haitulii. Wakati wa mapumziko hukaa barazani akasuka ukili, kwani hushona mikeka nyumbani kwake. Katika darasa lake kulikuwa na msichana aliyeletwa kutoka Ukambani baada ya bibi yake kufariki, na muda wa nusu muhula hakuna aliyeisikia sauti yake. Si Kiswahili wala si Kiingereza, si kwa mwalimu wala si kwa watoto. Walikuwa wameanza kusema kwamba ana kasoro ya ulimi.

Mama huyu hakumtaka aseme. Alisuka tu. Siku ya tatu au ya nne msichana akaja kusimama karibu. Baadaye akakaa. Halafu akaunyosha mkono akaushika ukili pale uliposhikana, akautazama upande wa nyuma, kama atazamavyo fundi kazi ya fundi mwenzake. Kumbe bibi yake alikuwa mfumaji wa vyondo. Kule uzi ni wa katani, na huku ni miyaa. Kule hufumwa kwa kuzunguka, na huku husukwa utepe mrefu ukashonwa baadaye. Lakini kidole kilichozoea kuhesabu nyuzi kitahesabu zozote. Mama akampa miyaa minne. Msichana akaikosea, akaifumua, akaanza tena, na neno lake la kwanza katika skuli ile lilikuwa ni la kuuliza rangi nyekundu hutiwa na nini.

Sikuelezwa kwamba tangu hapo akawa msemaji. Ni mpole mpaka sasa. Lakini aliacha kuitwa bubu, na hilo si haba.

Mama huyo huyo alinisimulia jambo jengine, nami kwa kuwa ni mtu wa lugha sikuweza kuliacha lipite. Mvulana wa Kigiriama alisema "madzi" darasani alipotaka kunywa, na watoto wa mjini wakaangua kicheko. Mwalimu aliwakaripia, na kama tujuavyo makaripio hayaui kicheko, hukihamisha tu mpaka nje. Mama akaingia kati akasema kwamba kwao Lamu wao hawasemi hata "maji", husema "mai". Wakamcheka na yeye. Basi wakawa ni wawili wa kuchekwa, yeye na mvulana, na mvulana akacheka pamoja nao. Kuanzia siku ile wakawa wana mchezo wao: mtu, mutu, njia, ndia, njira. Kila siku neno moja, na watoto wengine nao wakataka waingizwe.

Hawakujua kwamba walikuwa wakifanya kazi ya wanazuoni. Wataalamu wa lugha huziweka Kiswahili, lugha za Wamijikenda, Kipokomo na lugha za Ngazija katika kundi moja waliitalo Sabaki, kwa jina jengine la mto Galana, kwa maana ni ndugu wa tumbo moja. Sisi watu wa miji mikongwe tumeishi na ndugu zetu hawa karne nyingi, tumeoana nao na kuuziana nazi na samaki, na bado mtoto wa mji acheka "madzi". Aya ya 13 ya Suratul Hujurati yataja sababu ya watu kufanywa mataifa na makabila, nayo ni kujuana. Nimewasikia mahatibu wengi wakiisoma aya hiyo juu ya mimbari. Kuitenda nimemwona mama wa ukili.

Wala jambo la pamoja si lazima liwe la kabila au la kazi. Nilimkuta mpishi Mkristo, mtu wa Taita, katika skuli yenye Waislamu wengi. Ramadhani ikiingia yeye huendelea kuwapikia wasiofunga, lakini huhamisha meza ya chakula nyuma ya jiko, mbali na macho ya waliofunga, na saa ya mapumziko huja kukaa nao wale waliofunga, akawauliza futari kwao huwa ni nini. Yeye naye hufunga Kwaresma. Huwaambia watoto kwamba kwake yeye saa ngumu ni ile ya kabla ya adhuhuri, nao humwambia kwamba kwao ni baada ya alasiri, wakabishana. Nani atakayesema kwamba hapo hapana mafunzo ya dini mbili?

Wako waliolifanya jambo hili kwa mpango mkubwa, si kwa bahati ya mtu mmoja mmoja. Wazee wetu wa pwani walikuwa na hofu ya siku nyingi juu ya skuli: kwamba mtoto ataipata elimu ya dunia na kuipoteza ya akhera. Wengine wakawaweka watoto chuoni tu, na walipowapeleka skuli walikuta wenzao wamekwisha kwenda mbele. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani walilipeleka shauri hili kwa Aga Khan, na mwaka 1986 mpango wa skuli za chekechea za madrasa ukaanza hapa Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa ni katika walioushika mwanzo kabisa. Baadaye ukafika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Siri yake ilikuwa nini? Hawakuja kuwaambia wazee kwamba chuo ni kitu cha zamani. Walianzia pale wazee walipokuwa wamesimama, yaani madrasani, wakaitia Kurani na mchezo na hesabu chini ya paa moja, na waliofunzwa kuwa walimu walikuwa wanawake wa mtaa wenyewe, ambao mtoto alikuwa akiwaamkia tangu hajaingia skuli. Vifaa vya kuchezea vikawa ni vifuu, makombe ya pwani na mbegu.

Sasa nataka kusema upande wa pili, kwa maana jambo hili lina sumu yake.

Katika skuli moja ambayo sitaitaja, mpishi alikuwa mtu wa maneno mazuri kabisa, mwenye utani na kila mtoto wa kwao. Na kwao ni kwao kweli: watoto wa mtaa wake na ukoo wake. Upawa wake ulipofika kwa hao uliingia chini kabisa ya sufuria, penye nyama na maharagwe, na ulipofika kwa wengine uliteleza juu juu ya mchuzi. Hakuna aliyemlaumu kwa kuwa hakuna kipimo cha upawa. Watoto walijua. Katika skuli nyengine bawabu aliwafungulia waliochelewa ikiwa tu walimsalimu kwa lugha ya kwao, na wasioijua wakabaki juani. Watu wawili hawa ukiwauliza, watakwambia kwamba wana uhusiano mwema na watoto, nao hawasemi uwongo. Kosa lao ni kwamba wametosheka na yale ya pamoja yaliyokuja yenyewe, ya damu na ya mtaa, wasihangaike kutafuta mengine.

Yule mama wa Mombasa ana dawa yake ya hilo, nayo nimeiona kuwa ni ya busara. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda zake, hujihesabia kichwani watoto ambao tangu Jumatatu hajawatamka majina. Huwa wako daima. Si wabaya wala si wazuri, ni watoto ambao hawakumgusa kwa lolote. Wiki inayofuata huanza na hao. Mmoja alimchukua muhula mzima, aliniambia, mpaka akagundua kwamba anapenda kurusha tiara, na yeye mama ana ndugu wa kiume aliyekuwa akiziunda kwa njiti za mnazi na karatasi ya sukari.

Jambo la pili ni la siri. Mtoto akikuzoea atakwambia mambo, na mengine ni mazito: kwamba hali usiku, au kwamba nyumbani yuko mtu anayemwogopa. Hapo uhusiano wote hutiwa mizanini. Msaidizi mzuri hamwapii mtoto kwamba atanyamaza. Humwambia mapema, "Likiwa ni la kukudhuru, nitamwambia mwalimu mkuu," na kweli humwambia, kwani Sheria ya Watoto ya 2022 imewekwa kwa ajili ya hayo na si kwa ajili ya kabati. Na mazungumzo yao huwa barazani, mahali pa macho ya watu, hata yakiwa ya chini chini. Sisi Waislamu hatuhitaji kufunzwa na mtu hatari za faragha. Ajabu ni kwamba katika skuli twaisahau.

Niliporudi Lamu kumtazama yule bawabu, mkataba wake ulikuwa umebakiwa na wiki chache, na halmashauri ilikuwa bado haijakaa. Mwalimu mkuu alinieleza, kwa haya, kwamba fedha zilizokuja zilikuwa na matundu mengi ya kuziba, na kwamba bawabu kijana angelipwa kidogo zaidi. Nilimwuliza kama katika hesabu hiyo wamemtia yule mvulana wa kidato cha kwanza. Hakunijibu, nami sikumshikilia, kwani hata yeye hana mkono katika kiasi kinachotumwa.

Bawabu mwenyewe hakutaka kulizungumza jambo hilo. Alikuwa akiangalia nje ya lango, ambako mtoto mwengine, mdogo zaidi, alikuwa amesimama kivulini na punda mweupe, saa nne ya asubuhi, siku ya skuli.

"Huyo je?" nikamwuliza. "Umeshaanza naye habari za shogi?"

"Nilijaribu," akasema. "Punda si wake, na hampendi. Yuwamchukia." Akafikicha jicho. "Bado sijajua apenda nini."